Maji na Taka Zinapotelea Wapi Kiwandani? Utatuzi wa Matatizo kwa Viwanda vya Vinywaji

Mwongozo huu ni wa mafundi, wasimamizi wa zamu na wenye viwanda vya soda, juisi na maji ya chupa, hasa vile vya ukubwa wa kati. Umepangwa kwa dalili, kwa sababu ndivyo matatizo yanavyotufikia: bili imepanda, mtaro unanuka, magunia ya chupa mbovu yamejaa uani. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimewekwa mwanzo na kile cha nadra mwisho. Fuata mpangilio huo. Viwanda vingi huanza na ununuzi wa mtambo mpya wa kusafisha majitaka wakati tatizo ni floti ya tangi (boya linalofunga maji tangi likijaa) iliyokatika.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji) ikaingia kwenye mgao, wakazi wa Dar es Salaam walikaa na ndoo wakisubiri zamu yao ya maji. Kiwanda kinachomwaga maji kwenye mji kama huo hakiumizi mfuko wa mwenye mali peke yake.

Kabla ya yote, jua uwiano wako. Jumlisha maji yote yaliyoingia kwa wiki: ya mamlaka, ya kisima na ya boza. Gawanya kwa lita za kinywaji kilichotoka kimefungwa. Kiwanda cha soda ya chupa za plastiki kinachosimamiwa vizuri hutumia takribani lita 2 za maji kwa lita moja ya soda. Chupa za kioo zinazorudi huhitaji zaidi kwa sababu ya kuoshwa. Ukipata 4 au 5, maji yako yana njia nyingine ya kutokea. Angalia pia jambo hili: uzalishaji ukishuka, uwiano hupanda hata kama hakuna kilichoharibika, maana vyoo, usafi na mnara wa kupozea vinatumia kiasi kilekile cha maji. Usimlaumu msimamizi wa zamu kabla hujaangalia idadi ya kreti alizotoa.

Dalili: mita inazunguka kiwanda kikiwa kimelala

Hii ndiyo inayoripotiwa zaidi, na ndiyo rahisi kuithibitisha. Jumamosi, zamu ya mwisho ikishatoka na matangi yote yakishajaa, soma mita kuu na mita ya kisima. Soma tena Jumapili alfajiri kabla mtu hajafungua bomba. Matangi yasipokuwa yamejaa, utahesabu maji ya kujaza tangi kuwa ni uvujaji, na utatafuta tatizo ambalo halipo.

Tuseme kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi zimepita uniti 4 (uniti moja ni lita 1,000). Hizo ni lita 500 kila saa. Uvujaji hauna mapumziko, kwa hiyo kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 360, yaani lita 360,000 ambazo hazikugusa chupa hata moja.

Anza na floti za matangi. Floti ikichakaa au ikikwama kwa chumvi, maji hupita kwenye bomba la kufurikia, na bomba hilo mara nyingi limeelekezwa nyuma ya jengo mahali ambapo hakuna anayepita. Zunguka uone. Majani yaliyosimama mabichi Septemba wakati uwanja wote umekauka yanakuonyesha pa kuangalia. Dawa ya haraka ni kubadilisha floti. Dawa ya kudumu ni kukata bomba la kufurikia limwage mahali ambapo kila mtu anaona, karibu na lango au kantini, ili tangi likifurika mtu aseme.

Kisha vyoo. Tia rangi ya chakula kidogo kwenye tangi la choo, subiri dakika 15 bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umekwisha.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye vichujio vya mchanga na kaboni. Valvu ya kuosha kichujio kwa kurudisha maji kinyume humwaga moja kwa moja mtaroni, na ikishindwa kufunga sawasawa hakuna anayejua kwa sababu bomba lake limezama ndani ya mtaro. Chomoa mwisho wa bomba au likate kidogo ili uone mdomo wake. Hali ni hiyohiyo kwa valvu za umeme zinazoleta maji kwenye mashine ya kusuuzia chupa: mashine imezimwa, lakini valvu imekwama wazi na maji yanaendelea. Pampu zinazopozwa kwa maji kwenye sili (kizuia uvujaji) nazo huachwa wazi usiku kucha kwa mazoea.

Kama vyote vizima, tenga maeneo. Funga valvu ya jengo moja baada ya jingine huku mwenzako amesimama kwenye mita na simu mkononi. Mita ikisimama ulipofunga valvu fulani, tatizo liko upande huo. Ikiendelea kuzunguka baada ya kufunga majengo yote, bomba la chini ya ardhi kati ya mita na jengo limepasuka.

*Simama hapa.* Usichimbe bila ramani ya nyaya za umeme zilizofukiwa. Usifunge bomba la zimamoto ili kujaribu. Mita yenyewe ni mali ya mamlaka ya maji, ukiitilia shaka waite wao waipime.

Dalili: sakafu haikauki na usafi unakula maji kuliko uzalishaji

Chukua dumu la lita 20 na saa. Mpira wa kuoshea sakafu ukijaza dumu kwa sekunde 40, unatoa lita 30 kwa dakika. Ukiachwa unamwaga saa mbili wakati watu wanabadilisha ladha, ni lita 3,600. Hesabu hii ifanyike mbele ya watu wa usafi wenyewe, si ofisini. Nimeona inabadilisha mambo kuliko tangazo lolote la ukutani.

Chanzo cha kwanza ni mipira isiyo na kifyatulio. Cha pili ni mipira yenye kifyatulio kilichofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ili kisijifunge. Ukiona ukanda huo usimkaripie mtu. Muulize. Mara nyingi kifyatulio ni kigumu, mkono unachoka, au presha ni ndogo kiasi kwamba uchafu hautoki. Nunua kifyatulio chepesi na nozeli inayobana maji, na ukanda utatoweka wenyewe.

Kisha angalia mpangilio wa kazi. Shira iliyomwagika inapigwa maji mara moja, inatapakaa, na sasa eneo dogo limekuwa sakafu nzima. Ikokote kwanza kwa mpira wa kukaushia sakafu, iingie kwenye ndoo, halafu ndipo maji yafuate. Vizibo, lebo na vipande vya plastiki vifagiliwe vikavu. Maji si fagio.

Mambo mazito zaidi yako ndani ya mabomba, kwenye usafi wa mitambo bila kuifungua ambao mafundi huuita CIP. Kawaida kuna hatua hizi: kusuuza, kostiki soda (dawa kali ya kusafishia), kusuuza, pengine asidi au dawa ya kuua vijidudu, kusuuza tena. Makosa yanayojirudia ni matatu.

La kwanza ni muda. Aliyefunga mtambo aliweka dakika 15 za kusuuza ili awe na uhakika, na hakuna aliyezigusa tangu hapo. Chukua sampuli kila dakika mbili mwishoni mwa mabomba, pima pH (kipimo cha asidi na alkali) na upitishaji wa umeme, ulinganishe na maji yaliyoingia. Vikishakuwa sawa, maji yote yanayofuata ni hasara. Ukikuta yamekuwa sawa dakika ya 7, usikate hadi 7 papo hapo. Shusha hadi 10, mtu wa ubora apime kwa wiki kadhaa, kisha shuka tena.

La pili ni kumwaga maji ya suuzo la mwisho, ambayo ni masafi karibu kabisa. Yakusanye kwenye tangi yatumike kama suuzo la kwanza la usafi unaofuata. Tangi moja, pampu moja na valvu mbili zinatosha, na katika viwanda vya kati sijui uwekezaji unaolipa upesi kuliko huo.

La tatu ni ratiba. Ukitoka cola kwenda chungwa kisha ukarudi cola, umeosha mara mbili bila sababu. Panga ladha kuanzia nyepesi kwenda nzito, na uzalishe ladha moja kwa muda mrefu zaidi. Hili halihitaji fundi, linahitaji mtu wa mauzo na mtu wa uzalishaji wakae meza moja kila Ijumaa.

*Simama hapa.* Nguvu ya kostiki na joto lake usivipunguze kwa kukisia, hapo unacheza na afya ya wanywaji. Ukichanganya, kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji taratibu. Maji kamwe yasimwagwe juu ya kostiki, hulipuka na kurusha. Asidi na dawa ya klorini visikutane popote, hata kwenye mtaro mmoja, kwa sababu vikikutana hutoa gesi inayoua.

Dalili: mnara wa kupozea unakunywa maji kila siku

Mnara hupoza kwa kugeuza sehemu ya maji kuwa mvuke, kwa hiyo lazima utumie. Swali ni kiasi gani kinamwagwa. Mvuke unapoondoka, chumvi hubaki, na maji mazito hutolewa ili chumvi isigande kwenye mabomba. Pima TDS (kiasi cha chumvi na madini yaliyoyeyuka) ya maji ya mnara, ugawanye kwa TDS ya maji yanayoingia. Ukipata 2, unamwaga mno.

Fikiria mnara unaopoteza uniti 10 kwa siku kwa mvuke. Uwiano huo ukiwa 2, utamwaga uniti nyingine 10, jumla 20. Ukiwa 4, utamwaga kama uniti 3.3, jumla 13.3. Ukiwa 6, jumla ni 12. Faida kubwa iko kati ya 2 na 4. Kupanda kutoka 4 hadi 6 unaokoa uniti 1.3 tu huku hatari ya magamba ikiongezeka, na kwa maji magumu ya visima vyetu mimi ningeishia 4.

Vyanzo kwa mpangilio: valvu ya kumwagia iliyoachwa wazi nusu muda wote, floti ya beseni iliyowekwa juu hadi maji yanafurika pampu ikizimwa, vizuia matone vilivyovunjika juu ya mnara, ambapo utaona gari zilizoegeshwa jirani zina madoa meupe ya chumvi, na mwisho, kifaa cha kupimia chumvi kilichochafuka kinachoamuru valvu ifunguke bila sababu. Kifaa hicho kifute na ukilinganishe na kipimo cha mkononi kila mwezi.

*Simama hapa.* Dawa za mnara zipangwe na mtaalamu wa kemia ya maji. Mnara uliopuuzwa huzalisha bakteria wa Legionella, ambao humpata mtu kwa kuvuta matone hewani, kwa hiyo anayeusafisha avae barakoa inayofaa.

Dalili: mtambo wa RO (wa kuondoa chumvi kwenye maji) unamwaga karibu sawa na unachotoa

Mtambo unaoingiza lita 100 na kutoa 60 safi unamwaga 40. Kwanza angalia kama kuna mtu aliyefungua valvu ya maji ya chumvi zaidi "kulinda memburani" (ngozi za kuchujia chumvi) na kuiacha hivyo. Pili, kichujio cha mwanzo kilichoziba na kushusha presha. Tatu, memburani zilizochakaa. Nne, maji ya kisima yenyewe yamezidi chumvi. Ukanda wa pwani visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea. Weka daftari la TDS ya kisima kila wiki ili usije ukabadilisha memburani ambazo bado hazijachakaa.

Maji yanayomwagwa yana chumvi kama mara mbili na nusu ya yaliyoingia, kwa mfano huo wa 60 kwa 40. Yanafaa kuvutia vyoo na kuoshea uwanja. Usiyapeleke kwenye boila wala bustani.

*Simama hapa.* Usibane valvu kupita kiwango cha mwenye kuutengeneza mtambo. Chumvi itaganda ndani ya memburani, na gharama yake inazidi maji uliyookoa.

Dalili: boila inaomba maji mapya muda wote

Pima joto la tangi la maji ya kulishia. Likiwa nyuzi 80 na zaidi, maji ya mvuke uliopoa yanarudi. Likiwa 40, yanakwenda mtaroni pamoja na dawa na kuni au mafuta uliyolipia. Tafuta stimu trapu (valvu zinazotoa maji na kuzuia mvuke) zilizoharibika na mabomba ya kurudishia yaliyokatwa wakati wa matengenezo yasiunganishwe tena. Mengine ni kumwaga maji ya chini ya boila kwa muda mrefu kuliko TDS inavyodai.

*Simama hapa, na hapa usibishane.* Valvu ya usalama, kioo cha kiwango cha maji na sehemu yoyote yenye presha ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa, na ukaguzi wa kisheria upo chini ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Kiwango cha maji kikipotea kwenye kioo, zima moto. Usiingize maji baridi kwenye boila iliyokauka ikiwa moto, inaweza kupasuka.

Dalili: majitaka yananuka, yanatoa povu au yamekataliwa na maabara

Kanuni za ubora wa maji za Tanzania za 2007 zinataka majitaka ya kiwanda yasizidi BOD miligramu 30 na COD miligramu 60 kwa lita, pH ikiwa kati ya 6.5 na 8.5. BOD na COD ni vipimo vya oksijeni inayohitajika kuozesha au kuunguza uchafu ulio majini. Za Kenya za 2006 ziliweka BOD 30 na COD 50. Sasa tazama soda yenyewe. Lita moja ina karibu gramu 105 za sukari, ambayo COD yake ni takribani miligramu 118,000. Lita hiyo moja ikimwagwa mtaroni ingehitaji karibu lita 2,000 za maji safi kabisa ili kufikia 60. Kuchanganya na maji ili kupita kipimo si njia, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini chanzo cha kwanza cha majitaka mabaya ni kinywaji chenyewe.

Tafuta basi nani anamwaga bidhaa. Soda iliyoisha muda iliyorudi kutoka sokoni hufunguliwa na kumwagwa siku moja, mara nyingi mwisho wa mwezi. Chupa zilizojaa pungufu hupindulwa kwenye mtaro ulio karibu na mashine. Shira inayobaki kwenye bomba wakati wa kubadilisha ladha husukumwa na maji hadi nje. Weka mapipa ya kukusanyia penye mashine, isukume shira kwa hewa iliyochujwa badala ya maji, na soda iliyoharibika iingie kwenye mtambo kidogokidogo kwa siku nyingi.

Chanzo cha pili ni kemikali za usafi. Pima pH kila nusu saa kwa siku nzima kwa karatasi za kupimia. Ikipanda ghafla kupita 11 kila siku saa ileile, linganisha na ratiba ya CIP na utamjua mhusika. Kostiki ikusanywe itumike tena, na inayotolewa ipitie tangi la kusawazisha.

Cha tatu ni tangi hilo la kusawazisha lililojaa tope, hadi maji yanapita juu bila kukaa. Cha nne, hewa haitoshi: oksijeni kwenye bwawa la kupulizia ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, bakteria wema wanazidiwa. Cha tano hakifikiriwi na wengi. Majitaka ya soda yana sukari tele lakini naitrojeni na fosforasi kidogo, na bakteria wanahitaji takribani sehemu 5 za naitrojeni na sehemu 1 ya fosforasi kwa kila sehemu 100 za BOD. Wakizikosa, tope huwa jepesi kama pamba, linakataa kutulia, na linatoka pamoja na maji. Mbolea za shambani za urea na DAP hutatua, kwa kipimo cha mtaalamu, maana zikizidi unachafua mto kwa namna nyingine.

*Simama hapa, na usome mara mbili.* Harufu ya mayai viza ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imeondoka. Hakuna kuingia kwenye shimo wala tangi la majitaka, hata kwa dakika moja, hata kuokota ndoo. Mwenzako akianguka humo usimfuate. Wengi wamekufa kwenye mashimo ya namna hii wakienda kuokoa. Ita zimamoto, na kazi ya ndani ifanywe na timu yenye kipima gesi, feni, kamba na kibali cha maandishi.

Dalili: magunia ya plastiki na chupa mbovu yanaongezeka

Pima uzito kwa kila kituo, gunia tofauti: mashine ya kupulizia chupa, ya kujazia, ya lebo, ya kufungashia. Kiwanda kinachotupa kila kitu kwenye rundo moja hakijui kinachokiumiza, na wanunuzi wa chakavu hulipa kidogo kwa plastiki iliyochanganyika na lebo na shira.

Chanzo kikuu ni kuwasha na kuzima. Kila laini inaposimama, chupa changa (vipande vya plastiki ambavyo havijapulizwa kuwa chupa) zilizo kwenye tanuri huungua. Kwa hiyo chunguza kinachoisimamisha laini, hata kama ni kizibo kinachokwama mbali na tanuri. Baadaye ndipo uangalie taa za tanuri, presha ya hewa na chupa changa zenye unyevu au zilizokwaruzana kwenye stoo.

Pima pia ujazo. Chupa ya mililita 500 ikitoka na 510, umegawa asilimia 2 ya kinywaji bure. Kwenye chupa 20,000 ni lita 200. Rekebisha nozeli moja moja, lakini usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye lebo. Hilo ni kosa mbele ya Wakala wa Vipimo.

*Simama hapa.* Mafuta machafu ya mashine, taa za tanuri na vyombo vya kemikali vichukuliwe na mwenye kibali cha taka hatarishi. Madumu na mapipa ya kostiki, asidi na dawa za mnara yasigawiwe wafanyakazi wala kuuzwa mtaani, hata yakioshwa. Yanaishia majumbani yakihifadhi maji ya kunywa. Yatobolewe kabla hayajatoka getini, na mlinzi awe na orodha ya yaliyotobolewa.